Hadiyo Binti Salad, Aliyeolewa Mara Tatu kwa Ajili Yetu

Ni mwaka mmoja na siku tisa sasa, Mama, tangu ututoke. Mwaka ni wa msiba, siku tisa ni za ugomvi. Tulibishana kipi kiandikwe na kipi kifunikwe, na aliyeshinda mwishowe ni yule ambaye hakuna aliyemtarajia, ndugu yako Dekow. Alisema, "Andikeni yote. Atakayeona aibu ni mimi, na aibu haijawahi kumuua mtu."

Gazeti lilitupa mistari kumi na nafasi ya picha. Mistari kumi haitoshi kueleza hata sukari uliyokuwa ukitia kwenye chai. Basi tumechapisha karatasi zetu wenyewe, zigawiwe siku ya dua, nyingine hapa Garissa na nyingine Masalani. Anayeandika ni Istahil, kitinda mimba wako, kwa kuwa ndiye mwalimu na mwandiko wake unasomeka. Ametumia Kiswahili. Jamaa wengine wameuliza kwa nini isiwe Kisomali, lugha uliyotubembelezea nayo. Sababu ipo, na wataiona wakivumilia.

Tuanze na yale yasiyo na ubishi.

Uliamka kabla ya mwadhini. Ulikuwa na vibuyu vinne vya maziwa, ulivyovifukiza kila siku kwa kijinga cha moto mpaka nyumba nzima ikanukia moshi, na hukumruhusu mtu mwingine avishike. Maziwa ya ngamia yakifika kutoka porini, ulionja funda moja ukasema ngamia yule amekula majani ya mti gani, na kama aliyemkamua alikuwa na haraka. Wauza maziwa wenzako sokoni walikuogopa kidogo na kukupenda sana. Ulibishana na redio kana kwamba mtangazaji anakusikia. Ulificha tende chini ya mto wa kulalia kwa ajili ya wajukuu, na kila mjukuu aliamini kwamba yeye peke yake ndiye anayejua.

Na kila ugomvi wa ndoa katika bulla yetu, mtaa huu wetu, uliishia kwenye mkeka wako. Walikuja wamenuna, mume huku na mke kule, nawe ukawaacha wanune mpaka chai ichemke. Kisha ulisema neno lako lile lile, tulilolisikia mara nyingi mpaka likawa kama mlio wa kuku wa jirani: "Mjibu mwenzio. Hata jibu likiwa chungu, mjibu. Mtu aliyejibiwa hupata usingizi."

Tulilisikia, Mama. Masikio tulikuwa nayo.

Ulizaliwa katika nyumba kubwa. Baba yako alikuwa Ugas Salad, mkuu wa ukoo, ambaye wazee hawakuanza kikao kabla hajaketi. Fimbo yake nyeusi iko nyumbani kwa Dekow mpaka leo, juu ya mlango. Watu hudhani binti wa nyumba kubwa amezaliwa na raha yake. Hawajui kwamba ukoo ukikosa, nyumba kubwa ndiyo inayotoa, na kitu cha kwanza kutolewa ni binti.

Ulikuwa na miaka kumi na saba pale vijana wetu walipogombania kisima na vijana wa ukoo mwingine, huko juu karibu na Kutulo, mwaka wa ukame. Wawili wa upande wao walikufa. Wazee walikaa kikao siku kumi na mbili. Ngamia walitolewa, lakini ngamia hufa, na wazee wakasema amani ya kudumu ni ile inayozaa watoto. Basi ukatolewa wewe, kwa Maow, mdogo wa mmoja wa waliouawa.

Shangazi yako Weris alitumwa nyuma ya pazia akuulize kama umeridhia. Ulitazama vidole vyako vya miguu. Mashahidi walipoambiwa kwamba hukusema kitu walifurahi, maana kwa mwali kunyamaza ni kukubali, ndivyo sheria inavyomstahi msichana mwenye haya. Miaka mingi baadaye ulimwambia Istahil huku ukicheka, "Nilinyamaza kwa sababu ningefungua mdomo ningelia, na baba alikuwa hapo nje anasikia."

Ulikwenda Kutulo juu ya lori la sukari, safari ya siku nne, vibuyu vyako vinne vikiwa mapajani. Dekow alikimbia nyuma ya lori mpaka vumbi likamshinda. Anasema hakulia. Tumwachie.

Hatusemi Maow alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa maneno machache na kazi nyingi, na mlipozoeana mlipendana kiasi chenu. Ulimzalia Hamze. Na kisima kile hakijamwagikiwa damu tena tangu siku uliposhuka kwenye lori. Watu wananywesha mifugo pale asubuhi na jioni, wala hawajui wamshukuru nani.

Maow alikufa kwa homa, Hamze akiwa na miaka sita. Kwa desturi yetu mjane wa nyumba yenye watoto huolewa na ndugu wa marehemu ili watoto wasitawanyike. Ndugu aliyebaki alikuwa Nuh, kijana wa miaka ishirini na mmoja, ambaye ulimkuta mtoto ukamkata kucha na kumwogesha. Safari hii kimya hakikutosha. Mjane hasemewi, lazima atamke kwa mdomo wake. Wazee walipokuuliza, uliwajibu kwa swali: "Nikikataa, Hamze atabaki na nani?"

Wazee wakatazamana, wakasema hilo nalo ni jibu.

Nuh alikuheshimu mno, na hapo ndipo penye kasoro. Hata mkiwa wawili alikuita mke wa kaka. Ulimzalia Istahil, kisha akaenda Banissa kwenye biashara ya mbuzi, akakawia, akaoa mwanamke wa rika lake. Talaka yako ilikuja kwa barua, imekunjwa mara nne, mkononi mwa dereva wa lori. Wewe hukujua kusoma. Aliyekusomea ni Hamze, naye alikuwa na miaka kumi na miwili. Alisoma mpaka mwisho bila sauti kutetemeka, akaikunja vile vile ilivyokuwa, akakurudishia. Tunalitaja hili kwa sababu Hamze hakuisahau barua ile, na sote tulikuja kuyaona matokeo.

Ukarudi Garissa na watoto wawili. Mifugo yetu ilikuwa imekwisha kwa ukame, baba yako amezeeka, na nyumba ya Ugas ilihitaji mtu mwenye sauti mjini. Mtu huyo alikuwa Haji Noordin, mwenye maduka ya vitambaa, rafiki wa baba yako na karibu rika lake. Ulipoulizwa, ulisema, "Baba akitaka." Baba alitaka. Ukaishi na Haji miaka kumi na saba, na sita ya mwisho ulimlisha kwa kijiko. Alikuita "binti wa Ugas" mpaka siku aliyokufa. "Sijui kama jina lako alilijua," anasema Istahil, lakini tumemwambia aandike kwa heshima.

Kwa ndoa ile Dekow alipata duka, Hamze alisoma mpaka akaingia ofisini, Istahil akawa mwalimu. Nawe Haji alikuachia kishamba cha ndizi na simsim, ng'ambo ya mto Tana, kule Masalani.

Hizo ndizo ndoa zako tatu. Hakuna hata moja uliyoichagua, na hakuna hata moja uliyotulalamikia. Ulizibeba zote, tukala matunda yake, tukashiba, tukafika mahali pa kudhani kwamba wewe ni mtu usiye na haja ya kuchagua.

Sasa tufike pale tulipogombania.

Kwenye kivuko cha Masalani kuna mzee mmoja, mgane, jina lake Shuaib. Anavusha watu kwa mtumbwi na kulima matikiti kando ya mto. Ni mtu wa mtoni, si Msomali. Ni Mwislamu asiyekosa sala ya jamaa msikitini, lakini ukimwambia akuhesabie babu zake anakutajia wawili, wa tatu anakwenda kuuliza. Kisomali chake ni salamu tatu, na zote anazikosea.

Siku ya kwanza ulipokwenda kuliona shamba lako, alikungojesha akichota maji yaliyoingia mtumbwini. Nawe, binti wa Ugas, hukuzoea kungojeshwa. Ukamuuliza, "Mzee, chombo hiki kinavusha watu au kinaogesha?"

Akasema, "Kinaogesha, bibi, lakini wenye heshima zao tu."

Uliporudi ulimsimulia Istahil kisa hiki, na kesho yake tena, na Ijumaa ukamsimulia mara ya tatu, kila mara unacheka pale pale. Tangu hapo shamba lile likawa na mambo mengi. Mara ndizi zimeanguka, mara simsim inaliwa na ndege. Halijawahi kutembelewa vile tangu Mungu aiumbe ardhi yake.

Kisha alasiri moja ulimwita Dekow kwenye mkeka wako. Ukamwambia, "Dekow, nina miaka sitini na tatu. Nimeolewa kwa ajili ya kisima, nikaolewa kwa ajili ya mtoto, nikaolewa kwa ajili ya duka. Sasa amepatikana mtu anayenichekesha. Nataka kuolewa na Shuaib wa Masalani. Nasema kwa mdomo wangu, na walii wangu ni wewe."

Ni kweli, walii wako alikuwa yeye. Baba akiwa hayupo, ndugu ndiye anayeoza, si mwana, na bila neno lake hakuna nikaha. Dekow anasema alihisi masikio yakipata moto. Akilini aliiona ile fimbo ya baba yenu juu ya mlango wake. Aliwaona wazee wa koo nyingine wakiulizana kwa upole, "Hivi ni kweli binti wa Ugas ameolewa na mvushaji?" Lakini pia alimwona dada yake juu ya lori la sukari. Kukubali kulimshinda, na kukukatalia usoni kulimshinda zaidi.

Akasema, "Insha'Allah, abaayo, dada yangu. Wazee wake waje."

Hamze hakuwa na adabu nyingi kama mjomba wake. Alikuja siku hiyo hiyo, hata viatu hakuvua. "Hooyo, mvushaji? Umekosa nini kwetu? Chakula? Nguo?"

"Kicheko," ulimwambia.

"Mimi barua nyingine siisomi," akasema Hamze, akatoka. Hamze ametuomba tuandike kwamba neno lile analijutia, nasi tumeliandika.

Wazee wa Masalani walikuja, watatu, kanzu zimepigwa pasi, na gunia la sukari na tikiti maji kubwa hata likabebwa na watu wawili. Dekow aliwapokea kwa mikono miwili. "Wazee, nyinyi iko wageni yangu," aliwaambia kwa Kiswahili chake cha dukani. "Kula kwanza. Maneno badaye." Alichinja kondoo mnono kuliko wote, mkia wake peke yake ungelisha nyumba. Walikula, wakanywa maziwa, wakasema lililowaleta. Dekow akajibu, "Tumewasikia," akawasindikiza mpaka kwenye gari.

Katika nyumba yetu jambo hilo linaeleweka. Mgeni atakayekataliwa hulishwa vizuri kuliko yule atakayekubaliwa, ili asiondoke na njaa mbili. Anashibishwa, anaambiwa amesikiwa, anasindikizwa. Aliyelelewa porini haulizi tena. Dekow alirudi ndani akijisifu kwamba amekataa na hakuna aliyeumia.

Nawe ulikuwa nyuma ya pazia, Mama, ukisubiri kuambiwa wamejibiwa nini.

Tangu siku ile hukuvuka mto tena. Mwanamke aliyeposwa haendi kujionyesha upande wa mwanamume, ndivyo ulivyotufundisha, na ndivyo ulivyofanya. Shamba ukalikabidhi majirani. Siku za Idi Shuaib alikupigia simu, mkaulizana hali na mvua, basi. Si yeye wala wewe mwenye kuuliza habari za posa kwa simu. Posa ina wazee wake.

Kwa hiyo ulimuuliza Dekow. Mwaka wa kwanza alisema, "Ramadhani ipite." Ikapita. Mwaka wa pili akasema, "Mvua iishe," na mvua ile, Mola ni shahidi, iligoma kuisha. Tana ulifurika, barabara ya Masalani ikakatika, Dekow akapata pumziko, maana sasa hata mto ulikuwa ukimtetea. Maji yalipopungua akasema, "Barabara ikikauka." Ikakauka.

Istahil alikwambia, "Hooyo, nenda kwa kadhi. Walii akikataa bila sababu, kadhi anakuoza yeye mwenyewe."

Ukamwambia, "Nikamshtaki ndugu yangu kwa lipi? Hajakataa. Angekataa ningejua la kufanya."

Dekow hakulijua neno hili mpaka juzi, Istahil aliposoma kwa sauti alichokiandika. Aliweka kikombe chini. Kisha akasema, "Soma tena hapo," na Istahil akasoma tena.

Figo zilianza kukusumbua mwezi wa nne, na kufikia mwezi wa nane ulikuwa hutoki kitandani. Dekow alikuja kukuona baada ya sala ya adhuhuri, akakaa ukingoni mwa kitanda. Mkono wako ulikuwa umekonda, bangili ya Haji imepanda mpaka kwenye kiwiko.

Ukasema, "Dekow, nipe neno moja. Lolote."

Akasema, "Upone kwanza, abaayo."

Ulimtazama sana. Haukuwa mtazamo wa hasira, anasema, afadhali ungekuwa wa hasira. "Umenishinda kwa adabu," ulimwambia, ukageukia ukutani. Baada ya siku nne tulikuzika.

Kwenye matanga Shuaib alifika. Hatujui alipata gari gani, kwa kuwa kanzu ilikuwa imejaa vumbi mpaka shingoni. Akakaa mwisho kabisa wa mkeka, penye viatu. Binamu mmoja aliyekuwa akipokea watu akamuuliza, "Mzee, wewe ni nani wa marehemu?"

"Mimi ni mvushaji wake," akasema.

Dekow alilisikia. Alimmiminia chai kwa mkono wake mwenyewe, akampa tende, akamsindikiza mpaka barabarani. Na hata siku ile hakumwambia kitu. Wenye lugha husema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wa kimya chake ulikuwa bado njiani.

Ulimfika wiki iliyopita, katikati ya ugomvi wetu. Dekow alikwenda Masalani kuona shamba lako limekuwaje. Shuaib alimvusha, hakutaka malipo, akamwambia hawezi kumpita mlangoni mwake bila kunywa hata maji. Dekow akamfuata. Alitarajia kibanda. Alikuta nyumba ya vyumba viwili, mabati mapya, baraza imesakafiwa, na nyuma yake jiko la nje. Ndani ya jiko palikuwa na ubao mrefu uliotobolewa matundu manne ya duara, yamepigwa msasa vizuri, na hayana kitu.

Dekow alijua ni ubao wa nini. Katika nyumba zetu hakuna asiyeujua. Ni wa kusimamishia vibuyu vya maziwa. Lakini Shuaib hana ngamia. Hajawahi kuwa na ngamia maisha yake yote.

"Hii umeweka ya nini?" Dekow akauliza.

"Aliniambia ana vibuyu vinne," Shuaib akasema. "Kwamba havitaki kulazwa."

"Ulitengeneza lini?"

"Mwezi ule ule wazee waliporudi kutoka kwako. Si mlikuwa mmekubali? Walikuja wakasema, Shuaib, tengeneza nyumba, mtu hamchinjii mgeni kondoo wa mkia namna ile ili amkatalie. Ikawa imebaki siku tu. Na siku hutajwa na upande wa mke, nami sikutaka kuwaharakisha. Nikasema watu wa nyumba kubwa wana mambo mengi."

"Miaka mitatu, mzee?"

"Mbona miaka mitatu si mingi," akasema Shuaib, "ukijua umekubaliwa."

Hapo ndipo Dekow alipokaa chini, kwenye sakafu ya jiko, na kanzu yake nyeupe. Alimweleza yote. Kondoo alikuwa na maana gani, na Ramadhani, na mvua, na barabara. Alisema kwa Kiswahili kilichovunjika vipande vipande, akalia mbele ya mtu ambaye hakumwona anafaa. Shuaib alimsikiliza mpaka mwisho, mikono magotini.

Kisha akasema, "Basi mimi usinililie. Mimi nilikuwa mchumba wa mtu miaka mitatu, nililala na kuamka na furaha yangu. Aliyekaa bila jibu ni yeye."

Dekow alirudi Garissa siku hiyo hiyo. Hakupita dukani. Alikwenda moja kwa moja kwa sheikh akamuuliza kama anaweza sasa kulitamka lile neno, nimeridhia, nimemwoza dada yangu. Sheikh alimwambia kwa upole kwamba neno hilo halina kazi tena, amwombee dua na amwombe msamaha Mola wake. Dekow akauliza tena, kwa njia nyingine, akapewa jibu lile lile. Ndipo akaja kwetu akasema kumbukumbu yako iandikwe yote.

Siku ya tatu Hamze aliingia chumbani kwako, akavifunga vibuyu vinne kwa kanga zako, akavipeleka Masalani mwenyewe, mapajani, kwenye gari la abiria. Alipiga simu jioni. Alisema vimekaa sawasawa, na kwamba mzee amemchekesha, na kwamba hakujua afanye nini na kicheko hicho.

Tunajua, Mama, kwamba karatasi haifungui kaburi. Mara ya kwanza ulinyamaza, kimya chako tukakiita ndiyo, kwa kuwa kilitufaa. Mara ya mwisho ulisema wazi, kama sheria inavyomtaka mjane aseme, na walionyamaza tukawa sisi. Wewe uliyewafundisha watu wa bulla nzima kujibiana, nyumbani kwako ulikosa wa kukujibu. Tunaona haya. Tunakuomba radhi, na tunajua tumechelewa.

Ndiyo maana karatasi hii ni ya Kiswahili. Yuko mtu Masalani anayestahili kuisoma mwenyewe, bila mkalimani na bila kulishwa kwanza.

Lilibaki jambo moja tu, majina ya mwisho. Istahil aliyaandika yote, akafika kwa Mzee Shuaib, akainua kalamu. Akauliza, "Huyu aandikwe nani?"

Hamze akasema, "Rafiki wa familia."

"Andika shemeji," akasema Dekow.

"Abti, nikaha haikufungwa," Istahil akamkumbusha mjomba wake.

"Najua ni nani hakuifunga. Andika."

Wanaokukumbuka ni ndugu yako Dekow Salad. Mwanao Hamze Maow na mkewe Ilhan. Binti yako Istahil Nuh. Wajukuu wako Mustafe na Warsan, ambao wamekwisha kujuana siri ya tende. Wenzako wote wa soko la maziwa, Garissa. Na shemeji yake Dekow, Mzee Shuaib wa kivukoni, Masalani, ambaye siku ya dua atakaa mbele, karibu na walii.

Mwenyezi Mungu akurehemu, Mama. Maadamu tunapumua, hatutakusahau.